Pale Anapovuta Pumzi

Kwetu Unguja nilikuwa mpiga fidla wa pili katika kikundi cha taarabu, na kwa miaka yote tisa niliyokaa kwenye kiti kile nilijiona wa kwanza. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani. Yule wa kwanza alikuwa fundi kweli, lakini mimi nilikuwa na hoja zangu, na mke wangu anazijua zote kwa moyo, maana kazisikia tangu siku ya posa. Tulipohamia Sydney, fidla niliiacha kwa shemeji yangu, nikasema ujana umekwisha, sasa ni kutafuta riziki. Tukapanga Auburn, karibu na msikiti na maduka ya nyama ya halali, nami nikapata kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwavisha, kuwapikia mayai, kuwapeleka wanakotaka kwenda. Kwa miaka minne sikugusa uzi wa fidla. Mtu akiniuliza, nilimwambia sikumbuki hata pa kuweka kidevu.

Basi wakanipangia mzee mmoja wa Kiayalandi kule Quakers Hill. Dada mmoja wa Kirundi, aliyekuwa akimhudumia kabla yangu, ndiye aliyenipeleka siku ya kwanza. Kiswahili chake alikipata katika kambi za Kigoma akakibeba mpaka huku, na ndicho tulichozungumza kila tulipokutana kazini. Tulipofika mlangoni akashusha sauti.

"Kaka, ule mzee hana shida. Anakula, anaoga, hagombanagi na mtu. Ila asikushike na violon yake. Mimi alinishika siku moja, nikachelewa kwa client wa Marayong, office wakanipigia simu mara tatu."

"Alikuwa anapiga nini?"

"Nyimbo ya kilio, kaka. Haina hata mahali pa kupiga makofi."

Mzee mwenyewe alikuwa mrefu aliyepinda kidogo, fundi wa kujenga kwa matofali tangu ujana wake, na viganja vyake vilikuwa vipana na vigumu. Nilipomwona mara ya kwanza sikuweza kufikiri kwamba mikono ile inaweza kufanya kitu chembamba. Ilikuwa miaka ile ya ukame, serikali imepiga marufuku mipira ya kumwagilia bustani, na majani ya mtaa mzima yamekuwa rangi ya mkeka. Yeye alikuwa na mawaridi ya mkewe mbele ya nyumba na hakuwa tayari kuyaona yakifa. Maji ya kuoga hatukuyaachia yaende. Nikishamwogesha, nilichota kwa ndoo kutoka kwenye bafu nikatoka nayo nje, naye akasimama barazani na taulo begani kunielekeza waridi lipi linywe leo na lipi lisubiri kesho.

Fidla yake ilikaa juu ya friji, imefungwa kwa taulo kuukuu. Nilipoiona siku ya kwanza nilikasirika kimyakimya, maana kwetu fidla ina sanduku lake na sanduku lina kitambaa chake. Asubuhi ya tatu, nikiwa nafagia jikoni, aliishusha, akaketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango wa nyuma, akaiegemeza kifuani badala ya kuiweka chini ya kidevu. Upinde nao hakuushika mwishoni kama tulivyofundishwa sisi, aliushika mbele kidogo, kama mtu anayemenya viazi. Nikasema moyoni, haya, leo tutasikia paka.

Sauti ya kwanza ilitoka nyembamba, haina pambo wala mtetemo. Ya pili ikanifunga mdomo.

Nilitafuta mdundo kwa mguu, sikuupata. Kila nilipodhani nimeushika, lahani ilikuwa imekwisha kupinda kona. Noti moja ilikaa muda mrefu kuliko ninavyothubutu mimi kuishikilia mbele za watu, kisha tano zikapita mfululizo kwa mvuto mmoja wa upinde, halafu kimya. Katika kimya kile nilisikia friji ikinguruma na ndege akigombana na mwenzake juu ya waya. Mzee hakuwa na haraka yoyote. Akaendelea pale alipotaka yeye, na lahani ikapokea kana kwamba haikukatika. Nimekaa na wapigaji wa kanuni na wa udi ambao watu walisafiri kuja kuwasikiliza, na naapa sijaona mtu anayepiga vichache namna ile na akatosheka navyo. Mimi ningeweka mapambo ishirini mahali alipoweka moja. Lile moja lake ndilo ninalolikumbuka mpaka leo.

Alipomaliza hakunitazama usoni, alitazama mkono wangu wa kushoto.

"Vidole vyako vinatembea juu ya mpini wa ufagio," alisema. "Mtu anayefagia hafanyi hivyo."

Nikamwambia nilipiga kidogo zamani. Nilitamka hilo neno "kidogo" kwa unyenyekevu ambao mke wangu angeucheka. Akanipa fidla. Nikampigia utangulizi mmoja wa taarabu, ule ninaojua hautaniangusha, na miaka minne yote ikanidondoka vidoleni. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho.

"Mwalimu wako alikuwa mkali," alisema.

"Alikuwa akitupiga na upinde."

"Inasikika," alisema, na ilikuwa sifa.

Mkewe alikuwa katika nyumba ya wazee, vituo vichache vya basi kutoka pale. Maradhi ya kusahau yalimchukua kidogo kidogo: kwanza majina ya majirani, kisha njia ya dukani, kisha mumewe. Alikuwa hasemi tena. Kila Jumapili mchana mzee alitaka kwenda kumwona na fidla yake, na kwa kuwa mimi sina ibada siku ile, Jumapili zikawa zangu. Ndipo nilipoelewa lahani ile ni ya nani. Mkewe alikuwa mwimbaji kijijini kwao, kabla hata hawajajuana, na wimbo ule aliupata kwa mama yake. Mzee aliuchukua kutoka kinywani mwake, neno kwa neno, wakiwa wachumba, akautia kwenye fidla.

Alikaa kando ya kitanda akafumba macho akapiga. Na mke, ambaye nilimkuta amegeukia dirisha kana kwamba hakuna aliyeingia, alianza kutikisa midomo. Sauti haikutoka. Midomo tu, ikifuata maneno, wakati mwingine ikiyapata na wakati mwingine ikichelewa. Lahani ilipokwisha, aligeuza uso akamtazama mumewe, na alimjua. Haikuzidi muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Mzee alimtazama tu, kana kwamba anakinywa kikombe hicho taratibu. Kisha bibi akaondoka tena, ingawa hakuinuka kitandani. Kwa dakika zile chache mzee aliishi wiki nzima, na mimi niliyezoea kumwogesha niliona ngozi yake yenyewe ikinawiri Jumapili na Jumatatu.

Mwezi wa Agosti kiharusi kidogo kikampitia. Mguu ulipona, ulimi ulipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho, vilikataa. Alivikunja na kuvikunjua mezani kila asubuhi huku uji ukipoa. Jumapili ya kwanza alimwimbia mkewe kwa kuguna, maana sauti hakujaliwa. Bibi alitazama dirisha. Jumapili ya pili tukapeleka CD ya mpigaji mmoja wa kwao anayesifika sana. Bibi aliisikiliza kama tunavyosikiliza mashine ya kufulia ya jirani. Jumapili ya tatu mzee alikaa akiwa amemshika mkono saa nzima, na tulipotoka aliniuliza, bila kunitazama, kama naweza kujifunza lahani ile.

"Si lahani kama ile," alisema. "Ile yenyewe. Kama ninavyoipiga mimi."

Nikamwambia inshallah, wiki mbili zinatosha. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi, na mimi sikio langu si la kuazima.

Kwa wiki mbili hizo hakuniruhusu kugusa fidla. Alisema kwao mtu asiyejua maneno ya wimbo hana ruhusa ya kupiga lahani yake, hata awe na vidole vya dhahabu, kwa sababu atajuaje wapi neno linaanza na wapi linakatika? Alidhani hapo ndipo nitakaposhindwa, maana Kiayalandi ni lugha ngumu, imejaa sauti za kooni. Hakujua anazungumza na mtoto wa chuo cha Kurani. Mimi nilianza kuhifadhi maneno nisiyoyajua nikiwa na miaka mitano, nimekaa mkekani, fimbo ya mwalimu ikiwa karibu, na nilijua kwamba pa kuvutwa panavutwa na pa kukatwa panakatwa, ujue maana au usijue. Siku ya nne nilimsomea beti zote tatu. Aliniomba nirudie, kisha akainuka akaenda kusimama barazani peke yake kwa muda.

Maana ya wimbo aliniambia baadaye. Nilitarajia maneno mazito, ya msiba au ya dini, kwa jinsi lahani ilivyo. Kumbe ni msichana anamsuta mwanamume aliyempita mnadani akijifanya hamwoni, kwa sababu siku ile amevaa koti jipya. Koti lile, anasema, najua nani alikushonea vifungo. Nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini. Huo kwetu ni mpasho, tena wa wazi, watu wangesimama kwenye viti. Nilipomsimulia mke wangu jioni alisema, "Basi na mimi naupenda," na hakuwa amesikia hata noti moja.

Kisha nikapewa fidla, na hapo ndipo tulipogombana.

Yafaa nieleze taarabu kidogo. Kwetu mwimbaji akimaliza mshororo na kuvuta pumzi, fidla haziachi pengo. Zinamjibu. Zinachukua mwisho wa maneno yake zinayazungusha, zinamsifu, zinamwekea zulia la kukanyagia akirudi. Pengo kwetu ni aibu, ni kama mgeni kuketi sebuleni asiletewe hata maji. Miaka tisa kazi yangu ilikuwa ile, na wala si ya kufikiri, vidole vinaijua vyenyewe. Kwa hiyo nilipopiga mshororo wa kwanza wa lahani ya mzee, nikafika pale penye kimya, vidole vikajibu. Jibu zuri, kwa kweli, fupi na la adabu.

"Nani huyo?" mzee aliuliza.

"Nani yupi?"

"Huyo anayejibu. Kuna mtu wa pili humu ndani."

"Ni mimi."

"Mwambie atoke. Pale anavuta pumzi. Unamkanyaga."

Nikaanza tena. Nikajibu tena, nikijizuia nusu, jambo lililokuwa baya zaidi kwa sababu likatoka kama kwikwi. Siku ya pili hivyo, siku ya tatu hivyo. Yule mzee, ambaye kila mtu alisema hagombani, alikuwa akigonga meza kwa mkono wake mzima kila nilipogusa pengo. Mwisho nikaweka fidla chini. Nikamwambia kwetu mpiga fidla anayeacha pengo anaitwa mvivu. Akaniambia kwao anayeliziba anaitwa mwoga. Damu ikanipanda. Nilimaliza kazi zangu zote kwa heshima, nikamwagilia mawaridi, nikamfunga viatu, nikatoka, na nikapiga simu ofisini kuomba wiki ile wanipeleke kwingine.

Nyumbani nilimweleza mke wangu habari yote, nikitarajia ataniunga mkono. Yeye ni mtu wa Tanga, na ulimi wake haujawahi kushika kutu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Hebu nikuulize, mume wangu. Tangu lini mtu amenyamaza mbele yako ukamwacha anyamaze? Hata mimi nikivuta pumzi unanijibu."

Nikafungua kinywa.

"Umeona," alisema. Kisha akapunguza ukali. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Wewe unataka kukichukua umesimama. Na yule mzee hana wiki nyingi za kukungoja uchoke."

Neno la mwisho ndilo lililonirudisha. Nilipofika Quakers Hill Jumatatu, mzee hakusema karibu wala hakusema pole. Aliwasha birika kwa mkono mmoja akatoa vikombe viwili. Siku ile alinifundisha kwa njia ambayo sijaiona popote, na sijui kama ni yao au aliitunga kwa ajili ya kichwa changu kigumu. Alinifanya niseme maneno ya wimbo huku nimebeba ndoo mbili za maji ya kuogea kutoka bafuni mpaka kwenye mawaridi. Pale wimbo unapovuta pumzi, niliziweka ndoo chini, nikasimama mpaka anipe ishara. Nikiziweka mapema alinirudisha mlangoni. Nikisahau kuziweka alinirudisha mlangoni. Majirani walinitazama juu ya ua nikizungumza peke yangu kwa lugha ya kooni na kuweka ndoo chini katikati ya njia. Baada ya siku nne mikono ilizichoka ndoo zile kiasi kwamba iliyatamani mapengo. Nikashika fidla, nikafika penye kimya, na vidole vyangu, alhamdulillahi, vikapumzika.

"Sasa ametoka," mzee alisema, akimaanisha yule mtu wa pili.

Jumapili ile nilipiga mbele ya bibi. Nilipiga kama alivyonifundisha, mapengo yote mahali pake, noti ndefu kwa urefu wake, na mzee aliyekaa karibu na dirisha alinitikisia kichwa kwamba ndiyo. Bibi aligeuza uso. Midomo ikaanza. Lakini ilichelewa, ikajaribu kukimbia, ikachelewa zaidi, na mkono wake ukaanza kupigapiga shuka. Nilipoingia ubeti wa pili alikuwa analia bila sauti, kisha akageukia ukuta. Muuguzi akaingia akatuomba kwa upole tuache.

"Si kosa lako," mzee aliniambia kwenye basi, kofia yake magotini. "Umepiga kama mimi kabisa. Nadhani anajua tu kwamba si mimi."

Niliumia. Nilikuwa nimeingia chumba kile nikijiandaa kupokea shukrani, na nimemliza mwanamke mgonjwa na kumvunja mumewe. Kutoka Blacktown mpaka Auburn nilikaa kwenye treni nikiipiga lahani ile kichwani, nikitafuta nilipokosea, na sikupata kosa. Ilinikera zaidi kuliko kosa lenyewe. Umepiga kama mimi kabisa. Nilirudia maneno yale mpaka yakaanza kunipa wasiwasi, kwa sababu nilikumbuka kwamba hata mzee alipokuwa anapiga mwenyewe, midomo ya bibi ilikuwa ikichelewa. Mara inapata, mara inachelewa. Nilikuwa nimeona kila Jumapili nikadhani ni maradhi.

Na nikamkumbuka mwalimu wangu wa Unguja, yule wa kutupiga na upinde. Alitupiga kwa kosa moja kuliko yote: mpigaji kutazama vidole vyake wakati mtu anaimba. Macho kwenye koo la mwimbaji, alikuwa akisema, vidole vina macho yao. Mzee wangu wa Quakers Hill alifumba macho akipiga. Mimi nilitazama vidole vyangu nisije nikajibu. Katika chumba kile hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama mwimbaji.

Jumapili iliyofuata nilisogeza kiti, nikakaa uso kwa uso naye, magoti yangu yakigusa kitanda. Mzee alikuwa dirishani, hakutaka hata kutazama, alikuja kwa sababu ilikuwa Jumapili. Nikaanza. Nikamtazama kooni. Midomo ikatikisika, neno la kwanza, la pili, la tatu, na la nne, kisha nikaona mishipa ya shingo ikikaza na kifua kikipanda. Alikuwa anavuta pumzi. Pale ni katikati ya mshororo, mbali sana na pengo, na upinde wangu ulikuwa umekwisha kumpita.

Nilielewa yote kwa pamoja. Mapengo yale hayakuwa ya wimbo tu, yalikuwa ya bibi mwenyewe. Mzee aliyachukua kutoka kifuani mwa msichana aliyeweza kubeba mshororo mzima kwa pumzi moja, akayatunza kama yalivyo miaka yote hii, hakubadilisha hata moja. Na msichana alikuwa amezeeka.

Nikarudi mwanzo. Neno la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kifua kikapanda, nami nikainua upinde. Katikati ya mshororo. Nilihisi mzee akigeuka dirishani. Nikangoja. Nafsi yangu yote ilitaka kujibu, Mungu shahidi, lakini nikangoja. Pumzi yake ikaingia taratibu, ikaingia mpaka ikatosha, midomo ikafunguka, nami nikagusa uzi wakati uleule aliogusa neno. Na sauti ikatoka.

Ilikuwa sauti nyembamba, kavu, ya kitu kilichokaa kabatini miaka mingi. Lakini maneno yalikuwa mazima, nami niliyajua, kila moja. Tukaenda hivyo, maneno manne, pumzi, maneno matatu, pumzi. Ubeti mmoja ulichukua muda wa beti tatu. Siwezi kusema nilikuwa napiga kitu, nilikuwa natembea nyuma yake tu. Akamsuta yule mwanamume wa mnadani. Akafika kwenye koti jipya, na alipofika hapo akageuza macho kwa mzee, ambaye alikuwa amekwisha kuja kusimama karibu na kitanda, akamwimbia yeye ule mstari wa vifungo, moja kwa moja usoni, akimlaumu. Kisha akanyoosha mkono akamrekebisha kola.

Safari ile hakuondoka upesi. Chai ililetwa, ikanywewa, vikombe vikachukuliwa, na bado alikuwa anamtazama. Mimi nilitoka nikakaa kwenye korido na fidla mapajani, nikalia kama mtoto, na yule muuguzi akaniletea biskuti.

Kwenye basi, tulipokaribia kituo chetu, mzee alinigeukia.

"Miaka miwili," alisema. "Kila Jumapili kwa miaka miwili nimekuwa nikimkimbiza."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nayo mengi na yote ya kweli: kwamba hakujua, kwamba alifanya kwa mapenzi, kwamba nani angeikumbuka pumzi ya mtu kwa umri wote ule kama si yeye. Nikatazama mbele. Nikamwachia pengo lake, na tukashuka.

Tulikwenda hivyo kwa mwaka mzima na zaidi. Mzee aliacha kukaa dirishani, akawa anakaa ubavuni pangu akimtazama mkewe kooni, na siku nyingine alinigusa goti kabla sijaona mwenyewe kwamba pumzi inakuja. Pumzi zilizidi kuwa fupi. Maneno matatu, kisha mawili, na Jumapili za mwisho lilikuwa neno moja, pumzi, neno moja, nami nikainua upinde mara nyingi kuliko nilivyougusisha. Lakini wimbo haukukatika. Sijui niseme vipi, mtu wa muziki atanielewa. Bibi alifariki mwishoni mwa kiangazi, wiki ambayo mvua ilinyesha hatimaye na mawaridi hayakuhitaji ndoo.

Mzee aliniomba nipige kanisani. Sikuwahi kupiga kanisani, nikamuuliza mke wangu, naye akasema atakuja na mimi, atavaa baibui lake jipya, na asiyependa ageuke. Asubuhi ile nilimwogesha mzee, nikamfunga vifungo vya koti, na nikamuuliza lile nililokuwa nalo rohoni tangu usiku.

"Nipige kwa pumzi zipi?"

Alijigusa kola.

"Zile fupi," alisema. "Ndefu ninazo mwenyewe."

Nikapiga hivyo. Kanisa lilijaa Waayalandi wenzake wanaoijua lahani ile tangu utotoni, na kila nilipoinua upinde mahali pasipo na pengo niliwaona wakitazamana. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, na najua alisema yule Mwafrika kaikosea. Zamani ningemjibu, tena kwa fidla, mpaka aombe radhi. Sikumtazama. Nilimtazama mzee pale kiti cha mbele, kooni, kama mwalimu wangu alivyonifundisha. Alikuwa anavuta pumzi pamoja nami, moja baada ya moja, na hakukosea hata mahali pamoja.